Simu rahisi kutoka China: hasara ni ya nani?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Manzese au Tandika amekaa kibarazani huku ananunua simu iliyoko Shenzhen, nchini China. Muuzaji hamjui, simu yenyewe hajaigusa, na anachokiona ni picha na bei tu. Hulipa, kisha husubiri kwa wiki kadhaa hadi apate ujumbe kwamba mzigo wake umefika Posta. Juma hili napenda tuitazame historia ya biashara hiyo, kwa sababu ndani yake limo swali linalomgusa kila mwenye kipato kidogo: bidhaa ikiwa mbovu, hasara ni ya nani?

Bidhaa za China si ngeni katika pwani yetu. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako makaburi ya kale yaliyopambwa kwa bakuli na sahani za kauri kutoka China. Vyombo hivyo vilivuka bahari kwa pepo za msimu, vikipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi kabla ya kufika kwetu. Kila mkono uliongeza bei. Lakini kila mkono pia ulibeba hatari yake: sahani iliyovunjika baharini haikudaiwa kwa mtu wa Kunduchi ambaye alikuwa hajaiona. Naomba msikilizaji ulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa twende Shenzhen. Mwaka 1980 serikali ya China iliutangaza mji huo, ulio jirani na Hong Kong, kuwa eneo maalumu la uchumi. Viwanda vikamiminika. Mwaka 1988 likafunguliwa soko la vifaa vya elektroniki katika mtaa wa Huaqiangbei, na baada ya muda mtaa mzima ukawa kama Kariakoo ya vioo, betri, spika na vipuri vya kila namna.

Kilichoshusha bei ya simu hasa ni mambo mawili. La kwanza, katika miaka ya 2000 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuuza kichwa cha simu, yaani chipu, pamoja na mchoro na programu zake. Mwenye karakana ndogo hakuhitaji tena jeshi la wahandisi. Alitafuta ganda, kioo na betri, akaunganisha. La pili, mwaka 2007 China iliondoa sharti la kiwanda cha simu kuwa na kibali maalumu. Hapo ndipo zilipofurika zile simu ambazo Wachina waliziita "shanzhai", neno lenye maana ya ngome ya mlimani, maficho ya waasi. Ni zile tunazozikumbuka wengi: laini mbili, tochi, mlio wa kuamsha mtaa, na jina lililoibwa kwa kubadilishwa herufi moja.

Zililetwa kwetu na wafanyabiashara wetu wenyewe. Waliokuwa wamezoea kwenda Dubai walisogea mbele hadi Guangzhou, mji ulio karibu na Shenzhen, wakajaza mabegi na makasha, wakarudi nazo Kariakoo. Mfanyabiashara huyo alikula faida, na wengi tulimlalamikia. Hata hivyo alikuwa na sura na mlango. Simu ikizima siku ya tatu, ulijua pa kwenda kugombana.

Wakati huohuo makampuni makubwa nayo yaliamka. Mwaka 2006 ilianzishwa kampuni ya Transsion, ambayo ilielekeza nguvu zake Afrika kwa simu za Tecno, na baadaye Itel na Infinix. Mwaka 2008 ilitoka simu ya kwanza yenye mfumo wa Android, ambao mtengenezaji yeyote angeweza kuutumia. Mwaka 2011 simu ya Ideos ya Huawei iliuzwa Kenya kwa bei iliyowashangaza watu waliodhani intaneti ya mkononi ni ya matajiri. Sisi watangazaji tunajua maana ya mabadiliko hayo. Mwandishi wa wilayani, ambaye zamani alisafiri na kinasa sauti na kaseti, leo hurekodi, hupiga picha na hutuma habari kwa kifaa kimoja. Anayezibeza simu hizi kwa sababu tu zimetoka China hajui zimemfikisha nani wapi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwondoa mtu wa kati. Kampuni ya Alibaba ilianzishwa Hangzhou mwaka 1999. Mwaka 2004 ilikuja Alipay na utaratibu wa busara: fedha ya mnunuzi inazuiliwa na mtu wa tatu, na muuzaji hapewi mpaka mnunuzi athibitishe kuwa amepokea. Mwaka 2010 likafunguliwa duka la AliExpress, kwa ajili ya wanunuzi wa nje ya China. Hapo kijana wa Manzese akapata njia ya kuuziwa moja kwa moja bidhaa ya Huaqiangbei.

Lakini faida ya mtu wa kati ilipoondoka, iliondoka na kazi yake. Nani sasa anaijaribu simu kabla haijasafiri? Nani anaangalia kama inashika masafa ya 4G ya huku kwetu, au kama kumbukumbu iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo iliyomo ndani? Kuirudisha China ni gharama, na muda wa kulalamika una mwisho. Kazi zote hizo zimehamia kwa mnunuzi, naye hakuambiwa.

Kwamba hasara huangukia hapo, tulikwisha kuona. Mwisho wa Septemba 2012 Kenya ilizima simu zaidi ya milioni moja na nusu zilizokuwa bandia. Tanzania ilifuata tarehe 16 Juni 2016. Sababu za serikali zilikuwa na uzito: usalama, wizi wa simu na afya ya watumiaji. Lakini simu zile hazikuota kama uyoga. Ziliingia nchini, zikauzwa madukani mchana kweupe. Zilipozimwa, aliyebaki na kipande cha plastiki mkononi alikuwa mama muuza vitumbua. Aliyezitengeneza alikuwa amekwisha kulipwa, na aliyeziingiza pia.

Kwa hiyo nasema hivi. Mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Asikubali kutuma fedha nje ya utaratibu wa kuzuiliwa, hata akiahidiwa punguzo. Aulize masafa kabla ya kulipa. Ajumlishe ushuru na nauli katika bei. Apige picha za video anapofungua boksi, maana ndio ushahidi wake. Kisha abonyeze *#06# na kuhakiki namba ya utambulisho wa simu kabla hajathibitisha kupokea.

Lakini tusimwachie mnunuzi peke yake. Makampuni yanayouza kwa intaneti yanakusanya fedha zetu. Ni haki yawe na mahali hapa nchini pa kupokea simu mbovu. Na vyombo vya ukaguzi vifanye kazi yake bandarini na Posta, siyo mfukoni mwa mwananchi baada ya miaka miwili. Bei ndogo ni neema kwa maskini pale tu ambapo hasara yake nayo inagawanywa. Ikibebwa na yeye peke yake, basi simu hiyo haikuwa rahisi. Deni lake lilikuwa halijadaiwa tu.