Taswira ya Mwanamke katika Majalada ya Jarida la Rolling Stone, 1967–2009

Jarida la Rolling Stone lilianzishwa mjini San Francisco, Marekani, Novemba 1967. Jalada la toleo la kwanza lilibeba picha ya John Lennon. La pili, lililotoka mwezi huohuo, lilibeba picha ya Tina Turner akitumbuiza. Mwanzo huo unaweza kumfanya mtafiti aamini kwamba mwanamke alipokewa jaladani kama mwanamuziki, sawa na mwanamume. Makala haya yanadai kwamba sivyo.

Erin Hatton na Mary Nell Trautner, katika utafiti wao wa mwaka 2011 kuhusu majalada ya 1967 hadi 2009, walibaini kwamba katika miaka ya 1960 asilimia 44 ya wanawake na asilimia 11 ya wanaume walioneshwa kwa namna ya kuamsha ashiki. Katika miaka ya 2000 viwango hivyo vilifikia asilimia 83 na 17. Pengo, basi, lilipanuka katika kipindi kilekile ambacho wanawake walizidi kutamba katika soko la muziki.

Hata hivyo, takwimu hudhihirisha ukubwa wa jambo bila kueleza namna linavyojengwa. Utupu peke yake si kigezo tosha. Katika jalada la Januari 22, 1981, lililopigwa picha na Annie Leibovitz, Lennon yu uchi akimkumbatia Yoko Ono aliyevaa nguo. Picha hiyo ilipigwa Desemba 8, 1980, saa chache kabla Lennon hajauawa, nayo husomwa kama picha ya mapenzi na msiba. Kinyume chake, katika jalada la Septemba 1993, Janet Jackson yu kifua wazi, akisitiriwa na mikono ya mwanamume asiyeonekana uso. Hakuna kinachoashiria kwamba mwanamke huyu ni mwimbaji. Mwili ndio uliogeuzwa kuwa habari.

Novemba 1997, jarida lilipoadhimisha miaka 30, Turner alirejea jaladani pamoja na Madonna na Courtney Love, katika toleo maalumu la wanawake wa roki. Heshima hiyo ina utata: hapakuhitajika toleo maalumu la wanaume, kwa kuwa wao ndio waliochukuliwa kuwa kawaida. Kwa hiyo, mwanahistoria anayehesabu nyuso za wanawake pekee atahitimisha kwamba walisonga mbele. Anayeuliza walioneshwa wakifanya nini atafikia hitimisho tofauti.