Kwa nini tumbo la mjamzito hukaza? Ifahamu kazi ya homoni

Mama ana ujauzito wa miezi saba. Yuko shambani anapalilia, ghafla tumbo linakaza kama jiwe, kisha linaachia. Je, ni uchungu?

Mji wa mimba ni msuli. Kabla ya ujauzito una uzito wa gramu 70 hivi; mimba ikikomaa hufikia kama kilo 1. Kinachouamuru utulie au ukaze ni homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na mwili na kusafiri kwenye damu.

Homoni inayoutuliza ni projesteroni. Kwa sehemu kubwa ya ujauzito hutengenezwa na kondo la nyuma. Siku zikikaribia, nguvu yake hupungua, na homoni ya estrojeni huuandaa msuli kwa kazi. Prostaglandini hulainisha mlango wa kizazi. Oksitosini, inayotoka kwenye ubongo, hukaza msuli. Kichwa cha mtoto kikikandamiza mlango huo, ubongo hutoa oksitosini zaidi. Ndiyo maana uchungu wa kweli ukishaanza huzidi.

Tumbo likikaza bila mpangilio na kutulia ukipumzika, mara nyingi ni uchungu wa uongo. Likikaza kwa mpangilio na kuzidi, au ukiona damu au maji yanatoka, nenda kituo cha afya mara moja. Kama wiki 37 hazijatimia, usisubiri kupambazuke. Ukiwahi, wahudumu wanaweza kukupa dawa ya kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa.

Usinywe dawa ya kuongeza uchungu nyumbani, iwe ya kienyeji au ya dukani. Hospitalini oksitosini hutolewa kwa dripu, kwa kipimo, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa. Msuli ukikazwa kupita kiasi, mtoto hukosa hewa na mji wa mimba unaweza kupasuka.

Mtoto akishatoka, kazi haijaisha. Msuli lazima ukaze ili kubana mishipa ya damu, la sivyo mama anaweza kupoteza maisha kwa kutokwa na damu. Sindano anayochomwa mara tu baada ya kujifungua kwa kawaida ni oksitosini hiyo hiyo. Hata mtoto akinyonya, ubongo huitoa. Kwa hiyo mama, tumbo likikunyonga kidogo unaponyonyesha siku za mwanzo, usiogope: mji wa mimba unajirudi.