Mwasumini wa Bibi

Neno asumini tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi. Mlangilangi nao ulivuka bahari kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Wafaransa wakaupanda kwa wingi Komoro kwa ajili ya manukato ya Ulaya, na mafuta yake yamo katika Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Majumbani kwetu maua hayo yalifungwa vikuba pamoja na rehani, akavaa bi harusi. (Kikuba bila rehani, kwangu mimi, si kikuba!)

Bibi yangu aliyachuma asumini jioni yakiwa vitumba, yakafumbuka usiku. Mwasumini wake tuliukata tulipojenga chumba cha watoto. Inshaallah binti yangu ataolewa mwezi ujao, na asumini tutanunua sokoni.