Nani Ampime Mwamuzi? Mashindano ya Mganda Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Historia ya ngoma za mashindano imewatazama zaidi wachezaji kuliko waamuzi. Upungufu huo unajitokeza katika mganda, ngoma ya wanaume wa milima ya Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao tangu mwaka 2012 una wilaya yake. Wachezaji hujipanga mistari kwa sare, hupuliza vibuyu vyenye utando mwembamba na kufuata ngoma kubwa. Asili yake inahusishwa na gwaride. Terence Ranger (1975) ameonesha jinsi beni ilivyoibuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, kisha ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ziwani vita hivyo vilianza mapema: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo.

Ngoma yenye mizizi ya gwaride yaweza kudhaniwa kuwa rahisi kuamua, kwa kuwa mguu uliochelewa huonekana na kila mtu. Lakini unyoofu wa mstari ni sehemu ndogo tu ya mchezo. Wimbo wenye kijembe unapimwa kwa kipimo gani? Katika beni ya Dar es Salaam, Marini na Arinoti walishindana pia kwa mavazi, kwa ukarimu na kwa kuvuta watu, mambo yasiyo na alama moja. Stephen Hill (2000), akiandika kuhusu Umatengo, anayaunganisha mashindano haya na usasa na uchumi. Kwa hiyo uamuzi mbaya uligusa heshima na mfuko kwa pamoja.

Tatizo hili si la Mbinga peke yake. Mwaka 2011 Christopher Parsons na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu waamuzi wa besiboli nchini Marekani. Waligundua kwamba mwamuzi alielekea kumpendelea mrushaji wa asili yake, na kwamba upendeleo huo ulififia palipokuwa na kamera za kumkagua au watazamaji wengi. Tokeo la pili ndilo lenye uzito kwetu. Umati unaouzunguka uwanja wa ngoma ni mkaguzi, tena uliokuwapo kabla ya kamera.

Hata hivyo, hoja hii isitiwe chumvi. Umati wa kijiji mwenyeji umejaa shemeji na wajomba wa wachezaji, na makelele yao yaweza kumpotosha mwamuzi badala ya kumnyoosha. Ukaguzi wa kweli unahitaji wageni nao wawe wamekuja na watu wao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mashindano ya kiserikali yalipobadilisha mizani: jaji wa mezani huwajibika kwanza kwa ofisi iliyomteua, na karatasi ya alama huhifadhi hukumu bila kuhifadhi manung’uniko.

Kwa hiyo mtafiti anayekuta orodha ya washindi asiichukue kuwa ushahidi wa ubora wa ngoma. Aulize kwanza mwamuzi alitoka kijiji gani, hukumu ilitangazwa mbele ya nani, na kama walioshindwa waliupokea mwaliko wa msimu uliofuata.