Historia Iko Nyuma ya Gari

Mwaka 1969, kule Geneva, Peugeot walionyesha 504 isiyo na paa, mchoro wa Pininfarina, gari la upepo na starehe. Nairobi ilimjua zaidi ndugu yake, pikapu: nyuma wazi, ikafunikwa turubai, ikawekwa mabenchi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya PSV, na "songa kidogo" ikawa lugha ya mji.

Uzito huo wote uliishia kwa springi. Ndiyo maana fundi mzuri wa Kawangware akiletewa gari mzee huanza nyuma. Anabonyeza kona ya bodi, anaachilia: ikidundadunda, shokomzoba imekwisha. Upande mmoja umelala? Springi imechoka au imekatika. Inagonga "ko!" kwa mashimo ya Kibera? Angalia bushi kwanza, usikimbilie kununua springi.

Mimi hapo nasoma historia yetu. Sheria za Michuki za 2004 zilidai kila abiria apate kiti na mkanda. Lakini kabla ya hapo, miaka thelathini, vyuma na migongo ya watu ndivyo vilivyobeba huu mji.