Kutoka Delüfeng hadi 88: Maneno ya Kigeni katika Kichina

Mwanafunzi wangu wa zamani wa chuo cha ualimu, aliyekwenda China kusoma, alifunga ujumbe wake kwa tarakimu 88. Nilidhani kidole kimeteleza. Kumbe nane kwa Kichina ni ba. Nane mbili ni "baba", mwangwi wa "bai-bai" ya Waingereza. (Nami nilikuwa karibu kuitikia!)

Nimesomesha Kiswahili zaidi ya miaka 30, na misimu ya vijana niliikata kwa kalamu nyekundu bila huruma. Ndiyo sababu historia hii imenigusa.

Mwandiko wa Kichina hauna herufi za kubeba sauti tupu. Kila alama ni silabi, na kwa kawaida ina maana yake. Neno geni likiingia kwa sauti, hulazimika kuvaa nguo za kuazima. Mwaka 1919 Chen Duxiu alipoitetea demokrasia na sayansi aliziita Bwana De na Bwana Sai, kwa silabi za mwanzo za majina yao ya Ulaya. Leo msemaji husema minzhu na kexue. Simu nayo iliitwa delüfeng, ikashindwa na dianhua, yaani "maneno ya umeme", neno lililoundwa Japani kwa alama za Kichina. Sisi tulichukua "simu" ya Waajemi, uzi wa madini, na hata uzi ulipokatika tumebaki nayo.

Je, maana hushinda sauti daima? La. Sofa ingali shafa, kahawa ingali kafei. Tena mwaka 2005 shindano la uimbaji la wasichana katika televisheni ya Hunan lilieneza neno fensi, mashabiki, kutoka Kiingereza, likiandikwa kwa alama za tambi! Mashabiki wa Li Yuchun wakajiita yumi: mahindi.

Mwaka 2012 Xiandai Hanyu Cidian, kamusi yenye heshima kubwa huko, ilitoa toleo la 6. Fensi ya mashabiki ilipokewa. Lakini wasomi zaidi ya 100 walitia saini barua ya kulalamika kwamba vifupisho vya herufi za Kilatini kama NBA vimeingizwa humo kinyume cha sheria ya lugha. Kalamu yangu ya miaka ile ingetia saini pasi na kusita.

Jana nilimjibu mwanafunzi wangu. Nilimalizia kwa 88.