Fungu la Mwenye Haki

Huko Marekani, kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa na udhaifu wa akili alitolewa kwao akatiwa katika majumba makubwa ya serikali. Jumba moja la New York, likiitwa Willowbrook, lilijengwa kwa watu 4,000. Ilipofika 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Fedha zilitolewa, lakini zilikwenda kwa jumba, si kwa mtu.

Mwaka 1969 jimbo la California likapitisha sheria iliyotungwa na mbunge Frank Lanterman, kwamba msaada kwa watu hawa ni haki yao. Vikawekwa vituo, ambavyo leo ni 21, viwatafutie huduma karibu na jamaa zao. Hata hivyo, kituo ndicho kilichonunua huduma, tena kwa wale tu iliowaidhinisha.

Likaanza kujaribiwa jambo jingine mwaka 1998. Mwaka 2013 likawa sheria, na tangu Julai 2021 mlango uko wazi kwa kila anayestahiki. Mwenyewe hapewi fedha mkononi. Huhesabiwa fungu lake la mwaka, naye huketi na wazee wake na watu anaowaamini, wakaamua litumike vipi: kumpatia mtu wa kufuatana naye kazini, au wa kumfundisha kupika. Wako walipaji maalumu wanaolipa na kuweka hesabu.

Hapa pana fundo, nami nataka ulitazame vizuri. Fungu huanza kuhesabiwa kwa yale yaliyotumiwa kwa ajili yake miezi 12 iliyopita. Basi aliyehudumiwa sana jana huanza na kingi leo, na yule ambaye wazazi wake hawakujua kudai, au hawajui lugha ya nchi, huanza na kidogo. Sheria yaruhusu kuongezwa yakiwapo mahitaji yaliyoachwa. Lakini sharti yaonyeshwe, na wa kuyaonyesha ni yule yule asiyejua kudai. Mtu akisema huo ni uhuru wa wenye kauli, sitambishia sana.

Lakini wako wazazi, na kwetu pia wapo, wasemao, "Huyu hajui kitu, atachagua nini?" Mtazame basi. Hata asiyesema neno humgeuzia uso anayemwosha kwa ukali, na humchekea amjiaye kwa upole. Je, huko si kuchagua? Kwa mpango huu, yule anayegeuziwa uso aweza kuondolewa, akaajiriwa mwingine, hata akiwa ni jirani yao.